Tiba ya Chakula kwa Mtoto Aliyezidi Unene

Neno kunawiri hutumika katika Kiswahili kwa shamba la mahindi lililopata mvua ya kutosha, na hutumika vilevile kwa mtoto aliyejaa mashavu. Si ajabu. Katika nchi ambamo njaa na surua viliwahi kuchukua watoto kila mwaka, mzazi aliyemwona mwanawe ana nyama mwilini alikuwa na haki ya kushukuru. Hata leo hofu hiyo haijapoteza msingi wake: uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban watoto 30 katika kila 100 wenye umri wa chini ya miaka 5 wamedumaa.

Kwa sababu hiyo wako watakaouliza kama mazungumzo juu ya watoto wanene si anasa ya mataifa tajiri. Takwimu za dunia zinajibu. Mwaka 1990 watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 waliokuwa na unene wa kupindukia walikadiriwa kuwa milioni 31 duniani kote. Kufikia mwaka 2022 walikuwa milioni 159. Mwezi Septemba 2025 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, lilitangaza kwamba kwa mara ya kwanza idadi ya watoto wa umri wa shule wenye unene wa kupindukia imewapita wale wenye uzito pungufu. Kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini zilitajwa kuwa bado hazijavuka mstari huo. Hata hivyo, msomaji anayepita kwenye lango la shule ya mjini saa ya mapumziko, akatazama chipsi, soda na biskuti zinazouzwa pale, hatahitaji mtabiri wa kumwambia mstari huo unavukwa kwa njia gani.

Basi mtoto ambaye tayari amezidi unene alishwe nini? Jibu linalotolewa upesi majumbani ni kwamba anyimwe chakula. Ndilo jibu baya kuliko yote, na sababu yake iko katika jambo moja linalomtofautisha mtoto na mtu mzima: mtoto angali anakua.

Tezi au sahani?

Kwa muda mrefu madaktari hawakuwa na habari na sahani ya mtoto mnene. Mwaka 1901 Alfred Fröhlich wa Vienna alieleza habari za kijana mmoja mnene aliyekuwa na uvimbe kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na tangu wakati huo ilikuwa desturi kudhani kwamba kila mtoto mnene ana tezi mbovu. Watoto wengi walipewa dawa zilizotengenezwa kwa tezi za wanyama, bila ya nafuu ya maana.

Dhana hiyo ilivunjwa na Hilde Bruch, daktari wa watoto wa Kijerumani aliyeukimbia utawala wa Wanazi na kufika Marekani mwaka 1934. Kuanzia mwaka 1937, jijini New York, aliwachunguza watoto wanene mmoja mmoja, akawapima kimo na kuangalia kukomaa kwa mifupa yao. Alikuta kinyume cha yale yaliyotazamiwa. Mtoto mwenye tezi mbovu hudumaa. Lakini watoto hawa kwa jumla walikuwa warefu kuliko wenzao wa umri wao, na mifupa yao ilikuwa imekomaa sawasawa au hata mapema. Tezi zao zilikuwa zikifanya kazi. Bruch akageuka kutazama yaliyomo nyumbani: walikula nini, walicheza kiasi gani, nani aliwalisha na kwa nini. Katika kufasiri aliyoyaona aliwalaumu akina mama kupita kiasi, na wataalamu waliomfuata hawakukubaliana naye katika hilo. Lakini mlango alioufungua, wa kutoka maabara kwenda jikoni, haukufungwa tena.

Kipimo chake cha kimo kingali kinafaa hadi leo. Mtoto mnene na mrefu, katika idadi kubwa kabisa ya hali, ni mtoto anayekula nishati nyingi kuliko anayotumia. Mtoto mnene na mfupi, ambaye urefu wake umesimama, ni wa kupelekwa kwa daktari bila kuchelewa, kwa kuwa huenda ana upungufu wa homoni ya tezi ya shingo au ugonjwa mwingine. Wako pia wachache sana wenye hitilafu ya kurithi. Mwaka 1994 maabara ya Jeffrey Friedman, New York, iligundua leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuujulisha ubongo kwamba akiba inatosha. Mwaka 1999 madaktari wa Cambridge, Uingereza, walieleza jinsi walivyomtibu kwa sindano za leptini msichana wa miaka 9 ambaye mwili wake haukuweza kuitengeneza homoni hiyo. Kwa watoto wa namna hiyo kubadili chakula peke yake hakutoshi. Lakini ni wachache mno, na si busara kuwafanya udhuru wa wengine wote.

Kimo ni msaidizi wa mganga

Unene hupimwa kwa uwiano wa uzito na urefu: kilogramu za mtu hugawanywa kwa mraba wa urefu wake katika mita. Kwa mtu mzima kikomo ni kimoja, bila kujali umri. Kwa mtoto kikomo hubadilika kila mwezi, na Shirika la Afya Duniani lilichapisha majedwali yake kwa umri wa miaka 5 hadi 19 mwaka 2007.

Achukuliwe msichana wa mfano mwenye umri wa miaka 10, urefu wa mita 1.40 na uzito wa kilogramu 45. Mraba wa 1.40 ni 1.96, 45 ikigawanywa kwa 1.96 hupatikana karibu 23.0. Katika majedwali hayo unene wa kupindukia kwa msichana wa miaka 10 huanzia takriban 22.6, kwa hiyo amevuka kikomo. Sasa idhaniwe kwamba kwa miaka 2 msichana huyu hapunguzi hata kilogramu moja, wala haongezi. Akiwa na miaka 12 urefu wake umefika mita 1.50. Mraba wake ni 2.25, na 45 ikigawanywa kwa 2.25 ni 20.0 kamili. Kwa umri wa miaka 12 uzito uliozidi huhesabiwa kuanzia takriban 20.8. Msichana ametoka katika unene wa kupindukia hadi katika uzito wa kawaida, na mizani haikusogea.

(Mwalimu atakayeifanya hesabu hii darasani atumie namba za kubuni kama hizi. Kumpandisha mwanafunzi kwenye mizani mbele ya wenzake ni kumpa jina la utani la miaka mingi, na mtoto anayedhihakiwa kwa unene wake mara nyingi hukwepa uwanja wa michezo, mahali ambapo angefaidika.)

Ndiyo maana lengo la kwanza kwa mtoto mdogo asiye na maradhi mengine huwa ni kuuzuia uzito usipande, kimo kikaendelea kufanya kazi yake. Na ndiyo maana kumnyima chakula ni hatari. Mfupa na msuli hujengwa kwa protini, chokaa, madini ya chuma na ya zinki. Nishati ikipungua mno, mwili huichoma protini kama kuni badala ya kuijengea. Tezi iliyo chini ya ubongo huendelea kutoa homoni ya ukuaji, lakini ini hupunguza kutengeneza kile kitu kinachopeleka amri ya homoni hiyo kwenye mifupa. Mtoto aliyeshindishwa njaa anaweza kupoteza kilogramu kadhaa na kupoteza sentimita pamoja nazo, yaani akapungukiwa na kile hasa ambacho kingemponya.

Milo mikali ipo katika tiba. Baadhi ya hospitali huwapa vijana wanene mno mlo wa nishati kidogo sana wenye protini nyingi, kwa wiki chache, huku damu na moyo vikipimwa. Nje ya uangalizi huo hadithi ni nyingine. Mwaka 1977 na 1978 zaidi ya watu 50 nchini Marekani, watu wazima waliokuwa wakiishi kwa vinywaji vya protini hafifu vilivyouzwa kwa ajili ya kupunguza unene, waliripotiwa kufa, wengi wao kwa moyo kwenda mrama ghafla. Kama mwili uliokwisha kukua ulishindwa, hakuna haja ya kuujaribu ule unaokua.

Chakula chenye rangi tatu

Mlo uliochunguzwa kwa muda mrefu zaidi kwa watoto wanene haukuwa na siri yoyote. Ulibuniwa na Leonard Epstein, mwanasaikolojia, pamoja na wenzake katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, kuanzia miaka ya 1970, na ulichukua mfano wa taa za barabarani ili hata mtoto wa miaka 6 auelewe. Vyakula vya kijani vina nishati ndogo mno, navyo ni mboga zaidi. Mtoto hula apendavyo. Vya manjano ndivyo chakula chenyewe cha kila siku, nafaka, nyama isiyo na mafuta, maziwa, matunda. Huliwa kwa kiasi. Vyekundu vina mafuta au sukari nyingi na virutubisho vichache; mtoto husimama, hufikiri, na huvila mara chache tu kwa wiki. Kila kilicholiwa kiliandikwa kwenye daftari.

Si vigumu kuuhamishia mpango huo kwenye jiko la Afrika Mashariki. Mchicha, matembele, bamia, bilinganya, nyanya na tango ni kijani. Ugali, wali, ndizi, viazi vitamu, maharage, dagaa, samaki na papai ni manjano. Soda, pipi, keki, maandazi, vitumbua na chipsi ni vyekundu. Lakini upishi hubadili rangi, na hapo ndipo wengi hukosea. Gramu 100 za viazi mviringo vilivyochemshwa hutoa takriban kilokalori 87. Viazi hivyohivyo vikikaangwa kwa kuzamishwa katika mafuta, gramu 100 hutoa karibu 300. Maji yamefukuzwa, mafuta yameingia mahali pake, na gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9 ilhali ya wanga ina 4. Kisamvu huingia chunguni kikiwa kijani, na tui zito la nazi likizidi hutoka kikiwa na rangi nyingine. Chai haina nishati. Vijiko vitatu vya sukari huipa kama kilokalori 50, na kwa vikombe vitatu kwa siku hiyo ni 150, sawa na kipande cha andazi ambacho hakuna aliyekiona.

Ubora wa Pittsburgh, hata hivyo, haukuwa katika rangi. Katika jaribio lao mashuhuri familia zenye watoto wa miaka 6 hadi 12 ziligawanywa katika makundi matatu kwa bahati nasibu. Wote walifundishwa mlo uleule na mazoezi yaleyale. Tofauti ilikuwa moja: nani anatuzwa kwa kubadilika. Katika kundi la kwanza mzazi mnene na mtoto wake walitakiwa wote wawili kubadili ulaji na kupungua, na wote wawili walitiwa moyo kwa hilo. Katika kundi la pili alitazamwa mtoto peke yake. Katika la tatu familia zilitiwa moyo kwa kuhudhuria tu.

Matokeo ya miaka 10 yalichapishwa mwaka 1990. Kipimo kilikuwa ni asilimia ambayo uzito wa mtoto umezidi wastani wa wenye umri, jinsia na kimo chake. Katika kundi la mzazi pamoja na mtoto ziada hiyo ilikuwa imeshuka kwa asilimia 7.5. Katika kundi la mtoto peke yake ilikuwa imepanda kwa 4.5. Katika kundi la kuhudhuria tu ilikuwa imepanda kwa 14.3. Vyakula vilikuwa vilevile, masomo yalikuwa yaleyale, na watoto hao walikuwa wamekwisha kuwa vijana na watu wazima. Bado alama ya jambo moja, kwamba mzazi naye alikuwa akiandika daftari lake, ilionekana.

Moria Golan na wenzake, huko Israeli, walilisukuma wazo hilo hadi mwisho wake. Katika jaribio walilolichapisha mwaka 1998 kundi moja la watoto wa miaka 6 hadi 11 halikuitwa kliniki hata kidogo: waliofundishwa ni wazazi tu. Kundi jingine walifundishwa watoto wenyewe. Watoto ambao hawakuambiwa lolote na mtaalamu walipungua zaidi, na walipofuatiliwa baada ya miaka 7 tofauti hiyo ilikuwa ingalipo. Ukilitafakari si muujiza. Mtoto wa miaka 8 haendi sokoni, hashiki mwiko, wala hapangi saa ya chakula cha jioni.

Kopo lililo katikati ya meza

Hapa huzuka pingamizi la wazazi: basi vyekundu vifungiwe kabatini, ufunguo awe nao baba. Leann Birch na Jennifer Fisher walilijaribu hilo katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania State kwa watoto wadogo wa shule ya awali, na matokeo yalitolewa mwaka 1999. Watoto walipewa vitafunio viwili vinavyokaribiana. Kimoja waliruhusiwa wakati wote. Kingine kiliwekwa mbele ya macho yao katika chombo kinachoonekana ndani, wakaruhusiwa kukila kwa dakika chache tu. Kile kilichozuiwa ndicho walichokizungumzia, walichokiomba na walichokikimbilia mara kiliporuhusiwa, ingawa hapo awali hawakukipenda kuliko mwenzake.

Kati ya kufungia na kutokununua pana umbali mkubwa. Kreti ya soda iliyo chini ya kitanda, ambayo wageni hunywa na mtoto hutazama, ni kopo lile la Birch. Nyumba ambayo watu wote hunywa maji, na soda ikanywewa siku ya harusi na kila mtu, haina kopo. Mtoto mmoja akitengewa mboga huku ndugu zake wakila chipsi, hajapewa tiba. Amepewa adhabu, na ataimaliza adhabu hiyo kwa fedha ya nauli kwenye kibanda cha jirani.

Hesabu ya soda

Habari ya vinywaji yastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa kuwa ndipo palipo na ushahidi safi na pia kosa la hesabu linalorudiwa hata vitabuni. Nchini Uholanzi, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2012, watoto 641 wa umri wa miaka 5 hadi 11 hivi walipewa kila siku kopo moja la mililita 250. Nusu walipata kinywaji chenye sukari, kilokalori 104; nusu walipata kinywaji chenye ladha ileile kisicho na sukari. Wala watoto wala watafiti waliowapima hawakujua nani anapata kipi. Baada ya miezi 18 waliopewa sukari walikuwa wameongezeka kwa wastani wa kilogramu 7.37, na wenzao 6.35.

Tofauti ni kama kilogramu 1. Mwanafunzi wa fizikia atauliza ziada nyingine imekwenda wapi. Kilokalori 104 kwa siku, kwa siku 547, ni karibu 57,000. Vitabu husema kilogramu moja ya mafuta ya mwili ni sawa na kilokalori 7,700 hivi. Basi tofauti ingalipasa kuwa zaidi ya kilogramu 7.

Majibu ni matatu. Kwanza, baadhi ya makopo hayakunywewa. Pili, mwili si debe lisilo na hisia: mtoto aliyepata sukari hupunguza kidogo chakula kingine, ingawa kwa vinywaji hupunguza kwa upungufu mno, kwa kuwa maji matamu hayashibishi kama ugali wenye nishati ileile. Tatu, mwili ulioongezeka hutumia nishati zaidi hata ukilala, na kupanda kwake hupungua kadiri unavyopanda. Sheria ya kutopotea kwa nishati haikuvunjwa hata kidogo. Kilichovunjika ni desturi ya kuzidisha na kugawanya kana kwamba mtoto ni benki. Mzazi anayeambiwa kwamba akiondoa soda moja mwanawe atapungua kilogramu 7 atakata tamaa mwezi wa tatu. Akiambiwa kilogramu 1, tena ya kutokuongezeka, huenda akastahimili. Na kwa msichana wa mfano uliotangulia, kilogramu 1 mara kadhaa, kutoka kwa soda, kutoka kwa chipsi, kutoka kwa sukari ya chai, ndiyo yote aliyohitaji.

Muda ulio mbele

Mwaka 2023 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilitoa mwongozo unaotaka familia ipewe angalau saa 26 za mafunzo katika miezi 3 hadi 12, na unaokubali dawa kwa waliotimiza miaka 12 na upasuaji kwa baadhi ya waliotimiza 13. Saa 26 ni nyingi kwa zahanati yenye mganga mmoja na foleni ya malaria. Lakini sehemu kubwa ya yanayofundishwa katika saa hizo, kusoma rangi za chakula, kupima mafuta kwa kijiko badala ya kumimina, kula mezani badala ya mbele ya televisheni, haihitaji daktari. Mwalimu wa sayansi kimu au wa biolojia anayaweza, na mkutano wa wazazi upo tayari kila muhula.

Kisichosubiri ni mifupa. Ncha za mifupa mirefu zina tabaka la gegedu ambamo urefu hutengenezwa. Kwa wasichana wengi tabaka hilo hufungika karibu na umri wa miaka 15, kwa wavulana mwaka mmoja au miwili baadaye. Baada ya hapo kimo hakisaidii tena. Yule msichana wa miaka 10, kama angeachwa mpaka afike mita 1.50 akiwa na uwiano uleule wa 23, angekuwa na uzito wa karibu kilogramu 52. Ili afike 20 angelazimika kuzipunguza kilogramu 7 ambazo, kama angeanza mapema, hangeziongeza kamwe.